Msumeno Usilaumiwe Kabla ya Kupimwa

Katika karakana nyingi mtu husikia maneno haya: "Msumeno huu mbovu, hauendi sawa." Maoni yangu ni kwamba mara nyingi msumeno si mbovu, bali mwenye kuutumia hakuupima kabla ya kukata.

Msumeno ninaousema ni ule wa ukanda wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Mwingereza William Newberry alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1808, lakini ukanda ulikuwa ukikatika kwenye kiungo, hata Mfaransa Anne Paulin Crepin alipopata njia ya kuuunganisha mwaka 1846. Juu ya meza ya mashine kuna kiongozo, nacho ni chuma kilichonyooka ambacho ubao huegemezwa ili upasuliwe kwa upana mmoja.

Wengi hudhani kiongozo kikiwa sambamba na ukingo wa meza, kazi imekwisha. Sivyo. Meno ya upande mmoja yakiwa butu kuliko ya upande wa pili, ukanda hukimbilia upande. Ukisukuma ubao kwa nguvu, ukanda huvutana na kiongozo, hupinda, na mwisho huweza kukatika.

Dawa yake ni nyepesi. Kwanza ukanda uwe mkali na umekazwa barabara. Kisha chukua kipande cha ubao kisicho na thamani, cha urefu wa sentimita 60 hivi, chenye ukingo uliopigwa randa. Piga mstari wa penseli sambamba na ukingo huo. Ondoa kiongozo, upasue kwa kuufuata mstari mpaka nusu ya ubao. Hapo zima mashine, na ubao usiondoke mahali pake. Ukingo wake sasa unaonyesha njia ya ukanda. Uchore juu ya meza, legeza skrubu za kiongozo, ukilaze sawa na mchoro huo, kisha kaza. Kila ukanda ukibadilishwa, pima tena. Ikiwa mshazari ni mkubwa mno, usihangaike na kiongozo. Ukanda wenyewe unataka kunolewa au kubadilishwa.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kupoteza wakati. Na tutazame hasara basi. Hapa Pemba mzee huweza kukata mfenesi alioachiwa na baba yake ili apate milango, au kitanda cha arusi ya mwanawe. Mti huo umekua miaka mingi, wala hauna wa pili. Ubao ukitoka mnene huku na mwembamba kule, randa itaula mpaka usifae. Nao msitu wa Ngezi ni hifadhi, si ghala la kufidia makosa ya mafundi. Tena mwenye kulazimisha ubao huukaribisha mkono wake kwenye meno.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu wa ufundi wakifanye kipimo hiki kuwa somo la kwanza la mashine, kabla mwanafunzi hajapewa ubao mzuri. Sisi tunaokaribia kuondoka skuli, na huenda baadhi yetu tukaingia Kituo cha Mafunzo ya Amali cha Vitongoji, kesho tutakabidhiwa mali za watu. Wazee wetu nao, wampelekeapo fundi gogo lao, wasione haya kumwuliza: "Umeupima msumeno leo?" Fundi mwema hatachukia swali hilo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV