Gauni la Pasaka na Beseni la Jiki

Jumamosi moja tulitia jiki katika beseni la mashuka meupe, kisha tukatoka kwenda kumjulia hali mgonjwa bila kumwambia mtu nyumbani. Binti anayetusaidia kazi akaongeza humo gauni letu la kitenge, lile la Pasaka. Tuliporudi lilikuwa na mabakamabaka kama chui. Tulimfokea hata akalia.

Usiku dhamiri ilitusuta. Kosa lilikuwa la nani? Ni sisi tulioacha beseni bila neno. Asubuhi, kabla ya ibada, tulimwomba msamaha.

Tangu hapo, anayetia jiki husema. Nawe kumbuka: jiki ni ya pamba nyeupe, rangi ikishatoka hairudi. Hariri na sufu huzila kabisa. Doa la damu lioshe kwa maji baridi, kwani ya moto huligandisha. Tena usichanganye jiki na siki wala dawa ya kusafishia choo. Mvuke wake huumiza mapafu.

Gauni tumelikata foronya. Binti yetu, tunamshukuru Mungu, bado tunaye.