Kazi ya Kike ni Ipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi ndogo katika gazeti letu la muhula, nitoe maoni yangu juu ya neno linalosikika sana bwenini na uwanjani: "Hiyo ni kazi ya kike." Neno hili si mzaha kama wengi wadhanivyo. Mvulana mmoja wa kidato chetu alikuwa hodari wa kushona. Viraka vyake huwezi kuviona mpaka uonyeshwe. Alichekwa muhula mzima hata akaacha, na sindano zake akampa mdogo wake.

Ajabu ni kwamba wale wale waliomcheka, wakienda Mwanjelwa au sokoni Iringa kupunguziwa suruali, fundi wanayemkuta nyuma ya cherehani mara nyingi ni mwanamume, nao humwamkia kwa heshima zote. Kijana akaangaye chipsi kando ya barabara naye hakuna amwambiaye kwamba amekaa jikoni. Je, sindano na mwiko hugeuka kuwa vya kiume pindi fedha ilipwapo? Naona ndivyo tunavyofikiri, ingawa hatusemi.

Wengine hujibu, "Ndiyo mila." Mila ya nani? Wanyakyusa zamani walihesabu kulima kwa jembe kuwa kazi ya wanaume na wavulana wao. Monica Wilson, aliyekaa Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo. Lakini ziko sehemu nyingi za nchi yetu ambako jembe lilikuwa mkononi mwa mwanamke, na mwanamume akapumzika kivulini bila haya. Tena, kule Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, vyungu vya Wakisi hufinyangwa na wanawake. Buganda wafinyanzi wa Kabaka walikuwa wanaume. Udongo ni ule ule.

Sasa nije kwa dada zetu. Msichana akisimama katika mdahalo na kusema kwa nguvu, hupigiwa miluzi na kuambiwa ana sauti ya kiume. Nami huwakumbuka akina mama wawili wa nyanda zetu hizi. Mama Anna Makinda, mzaliwa wa Njombe, aliingia Bungeni mwaka 1975, akawa Spika wa kwanza mwanamke tangu 2010 hata 2015. Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, alichaguliwa kuwa Spika mwaka 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Bunge ndilo mdahalo mkubwa kuliko yote nchini. Hapa shuleni, tangu niingie kidato cha kwanza, kiti cha mwenyekiti wa midahalo hakijakaliwa na msichana hata siku moja.

Sisemi kila mvulana ashone, wala kila msichana ahutubie. (Mimi sindano hunichoma vidole.) Nasema apendaye aachwe afanye.

Uchaguzi wa chama cha midahalo utakuwa mwanzoni mwa muhula ujao. Nimekwisha zungumza na msichana mmoja wa kidato cha tatu, naye amekubali jina lake liandikwe. Natafuta wa kumuunga mkono.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne