Waya Huja kwa Haja ya Nani?

Wapo watu wasemao kwamba kisiwa kidogo hakina haki ya kudai mtandao, kwa kuwa gharama ya waya hailingani na idadi ya vichwa. Hoja hii nimeisikia barazani, nimeisikia na maofisini, na kila niisikiapo moyo hunichafuka. Mimi ni mtoto wa kisiwa. Mama yangu alipofariki Pemba, nami niko Unguja, kijijini kwetu hapakuwa na simu. Habari ilikuja na abiria wa boti. Nilipofika, mama keshazikwa.

Basi tuitazame hoja hiyo kwa mfano wa Saint Helena, kisiwa kilicho chini ya Uingereza katika Bahari ya Atlantiki, karibu kilomita 1,900 kutoka bara la Afrika, chenye watu 4,000 na ziada. Napoleon alifia huko tarehe 5 Mei 1821, na habari ikachukua miezi miwili kufika London. Sisi wa Unguja nasi tunakijua kisiwa hicho, maana Sayyid Khalid bin Barghash alipelekwa huko uhamishoni baada ya Waingereza kumkamata katika Vita Kuu ya Kwanza.

Sasa nisikilize, msomaji. Waya wa simu ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden. Agosti 1896, Khalid alipojitangaza Sultani, mwakilishi wa Uingereza aliomba kwa simu ruhusa ya London, akaipata, na tarehe 27 jumba la mfalme likapigwa mizinga. Saint Helena nayo iliunganishwa kwa waya na Cape Town mwaka 1899, mwaka uleule vita vya Makaburu vilipoanza. Nauliza: siku hizo nani alihesabu vichwa? Nani alisema watu ni wachache mno, waya hautalipa?

Hakusema mtu, kwa sababu mwenye haja alikuwa dola. Lakini haja ilipokuwa ya wenyeji, hesabu ikaanza. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kiligawana dishi moja la setilaiti, na mtandao ukauzwa kwa kipimo, tena ghali. Ni kisiwa ambacho vijana wake huondoka kwenda kutafuta kazi Ascension, Falkland na Uingereza, na wagonjwa wake mahututi hupelekwa ng'ambo. Watu kama hao, kusikia sauti ya mzazi au mtoto ni anasa?

Mkongo wa baharini ulifika ufuoni Rupert's Bay Agosti 2021, ukaanza kazi Oktoba 2023. Ni tawi la zaidi ya kilomita 1,000, lililochepuliwa kutoka mkongo mkubwa uitwao Equiano, unaotoka Ureno kwenda Afrika Kusini. Na fedha zilitoka Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza yenyewe ilikwisha kuuacha mwaka 2020. Mzazi hakutoa, aliyetoa ni jirani aliyegombana naye.

Nitajibiwa kwamba fedha hazioti mitini, na kampuni si sadaka. Kweli. Lakini bahari si mali ya kampuni. Kila mkongo hutua kwa ruhusa ya serikali fulani, na ruhusa huweza kuwekewa sharti: upitapo karibu na kisiwa chenye watu, acha tawi, na gharama yake igawanywe baina ya wote watakaoneemeka na mkongo huo. Barabara hatuzijengi kwa wenye magari mengi peke yao.

Anayetaka kuhesabu vichwa na ahesabu, ila aanze na kichwa cha mama yangu. Alikuwa mmoja tu. Nami nilitaka kumzika kwa mikono yangu.