Tone la Praima na Mtungi wa Maji

KANDO YA NJIA KUU
Na Ndinda wa Mutiso

Mji wetu wa Salama, uliokaa juu ya njia kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, baina ya Malili na Sultan Hamud, ulipewa jina ambalo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni amani na kuepukana na madhara. Nami kila nipitapo mbele ya vibanda vya saluni vinavyotazamana na malori yaliyoegeshwa kando ya lami, hulipima jina hilo kwa kitu kidogo mno ambacho mpita njia hakioni, nacho ni chupa ya praima isiyozidi kidole gumba kwa ukubwa, isiyo na kibandiko wala maandishi, iliyowekwa mezani kati ya poda ya akriliki na tupa za kusugulia kucha.

Mwezi wa Juni, kiangazi kilipokwisha kuanza kukausha mapipa, nilikuwa nimeketi katika kibanda kimoja nikingoja zamu yangu ya kusukwa, na pembeni yangu alikuwa akibandikwa kucha binti mmoja aliyejitayarisha kwa ntheo, yaani sherehe ya ndoa ya kimila ya Wakamba, ya dada yake. Fundi, kijana mwenye mkono mwepesi na bidii nisiyoitilia shaka, alichovya brashi katika chupa ile, akapaka kwa wingi hata dawa ikafurika pembezoni mwa ukucha na kupenya chini ya ngozi; na binti alipojikunyata kwa maumivu, alijibiwa kwa upole, "Vumilia dada, ikiwasha ndiyo inashika." Akavumilia. Alipoanza kulia, nasi sote tukainuka kutafuta maji, mtungi ulikuwa mtupu; mtoto akatumwa kwa mchuuzi wa maji ng'ambo ya barabara, akasimama muda mrefu akingoja malori yapite, na aliporejea ngozi ya kidole ilikuwa imekwisha kugeuka nyeupe.

Neno lile, kwamba ikiwasha ndiyo inashika, ndilo lililonikalisha kuandika safu ya juma hili, kwa kuwa ni batili kabisa, na ubatili wake si wa fundi yule peke yake, bali nimeusikia Emali, nimeusikia Machakos, na wateja wenyewe wameuamini hata wakaona fahari kuuma meno.

Ukucha wa mwanadamu ni bamba jembamba lenye unene wa nusu ya milimita au zaidi kidogo, lenye unyevu ndani yake na mafuta juu yake, na akriliki haipendi unyevu wala mafuta. Kwa hiyo ilihitajiwa dawa ya kwenda baina ya viwili hivyo mithili ya mshenga, yenye upande mmoja unaoshikamana na ukucha na upande wa pili unaoshikamana na akriliki, na dawa hiyo ndiyo praima. Ziko za namna mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe na aghalabu ndiyo yenye nguvu kupita kiasi, ni tindikali iitwayo asidi ya methakriliki, ambayo katika baadhi ya chupa ndiyo karibu dawa nzima. Ya pili haina tindikali hiyo, hushika kwa njia nyingine, nayo ni afadhali kwa ngozi ingawa haikukosa madhara yake nitakayoyataja. Mteja ana haki ya kuuliza ni ipi iliyomo chupani, na fundi ana wajibu wa kujua.

Basi ile ya tindikali haihitaji kuwasha ili ifanye kazi. Ikipakwa kama ipasavyo, yaani brashi ikifutwa kwanza mdomoni mwa chupa au juu ya kitambaa hata isibaki na tone, kisha ikaguswa katikati ya ukucha wa asili tu, mbali na ngozi kwa kiasi cha milimita moja, ikaachwa ikauke yenyewe kabla akriliki haijawekwa juu yake, mteja hahisi kitu. Anayehisi moto ameguswa ngozi, au ukucha wake umesuguliwa kwa tupa hata ukawa mwembamba kama karatasi, au dawa imekuwa nyingi. Na katika hali zote tatu kuungua kule ni dalili ya kosa lililokwisha kutendeka, wala si dalili ya ufundi. Aidha, nimewaona wengi ambao kucha zao huinuka upande wa nyuma baada ya siku chache, nao wakirudi huongezewa praima mara mbili, ilhali sababu ya kuinuka ni mafuta na vumbi vilivyoachwa juu ya ukucha, au akriliki iliyogusa ngozi. Tindikali haimfanyii fundi kazi ya kusafisha. Na pale palipoinuka huingia maji, na katika maji hayo humea vijidudu vinavyougeuza ukucha rangi ya kijani, ambao haufai kufunikwa tena hata upone.

Sitaki mtu adhani kwamba nawaomba wanawake waache kujipamba. Mnamo Septemba 2018, kule Dodoma, Job Ndugai, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania, alipiga marufuku wabunge wanawake kuingia ukumbini wakiwa na kope na kucha za bandia, baada ya Dkt. Faustine Ndugulile, aliyekuwa Naibu Waziri wa Afya, kueleza madhara yake. Na magazeti ya huku kwetu yaliyachukua maneno hayo kwa furaha ya wenye kupenda kuwakemea wanawake. Kwa insafu yangu, shauri la Naibu Waziri lilikuwa la kweli na lilistahili kusikilizwa, lakini katazo la mlangoni halikumfundisha hata fundi mmoja kuifuta brashi yake. Mabibi wa pwani walitia hina vidoleni kwa karne nyingi bila kuungua, na ilipokuja piko, ambayo ni rangi nyeusi ya nywele inayotumiwa Lamu na Unguja kama kwamba ni hina, wako walioota malengelenge mikononi siku za arusi zao. Kupamba ni kule kule, kilichobadilika ni kilichomo bakulini.

Turudi kwenye chupa isiyo na maandishi, kwa maana hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, watoto wadogo waliokunywa au kujimwagia praima za kucha waliungua midomo, koo na ngozi, na mwaka 1999 serikali yao ikaamuru kwamba dawa yoyote ya majumbani iliyo ya majimaji na yenye zaidi ya asilimia 5 ya asidi ya methakriliki iuzwe katika chupa yenye kifuniko asichoweza mtoto kukifungua. Huku kwetu chupa kubwa hununuliwa mjini, ikagawanywa katika vichupa vya rangi ya kucha vilivyokwisha kutumika, na hivyo tindikali ikavikwa sura ya kitu ambacho kila mtoto wa kike amekwisha kumwona mama yake akichezea. Saluni zetu zina watoto ndani yake, tena wengi, kwa sababu mafundi ni akina mama na hakuna pa kuwaacha. Mtoto akiinywa asitapishwe, kwani tindikali iliyounguza koo ikishuka itaunguza tena ikipanda. Asukutuliwe kinywa kwa maji na apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe, ambayo haina faida kwa daktari ikiwa haikuandikwa neno.

Praima zisizo na tindikali, pamoja na jeli nyingi, zina jambo jingine, nalo ni mzio. Ndani yake mara nyingi mna kemikali iitwayo HEMA, ambayo Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2020, uliifunga mikononi mwa mafundi wenye ujuzi tu. Na ambaye ngozi yake imekwisha kuikataa aghalabu ataikataa maisha yake yote, na huenda ikamletea taabu hata kwa daktari wa meno, kwa kuwa vijazio vya meno na kucha za akriliki ni watoto wa aila moja. Mwenye vidole vinavyowasha na kuchubuka kila baada ya kubandika kucha asibadilishe fundi; aziondoe, aende kliniki ya ngozi.

Na sasa maji. Tindikali iliyomwagika juu ya ngozi au jichoni huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 angalau, na shauri hilo liliandikwa na watu wenye bomba. Sisi wa kaunti hii ya Makueni, ambao mama zetu huchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, tunayanunua kwa mtungi, na fundi hayamwagi ovyo. Lakini nimepiga hesabu: mtungi wa lita 20, ukimiminwa polepole kwa kikombe juu ya kidole, lita moja na kidogo kwa dakika, watosha dakika zote hizo 15. Mtungi mmoja uliojaa, ukawekwa chini ya meza usiguswe kwa kupikia chai wala kuoshea nywele, ndiyo gharama yote, na fundi asiye nao siku hiyo asiifungue praima.

Yule binti nilimwona Jumapili iliyopita, miezi miwili tangu siku ile. Ngozi imepona. Ukucha una baka jeupe lililokwaruka, ambalo lilianzia penye shina na sasa limefika katikati, na nyuma yake umeota ukucha mpya, safi. Kwa mwendo wa milimita 3 kwa mwezi, ambao ndio mwendo wa kucha za mikono, baka hilo litafika penye mkasi mnamo Oktoba, wakati tunapotazamia mvua za vuli zije kujaza mapipa.