Mnyama asiyekuwapo na siri ya kuwanasa vijana

Yapo mengi yasemwayo na wazazi pamoja na walimu kuhusu simu zilizo mikononi mwa vijana, na aghalabu husemwa kwa ghadhabu. Michezo yote hutiwa kapu moja: ya mpira, ya vita na ya kamari. Leo ningependa kuutoa mmoja kapuni humo niuchungue peke yake, kwa maana hauna bunduki wala mabao, na nguvu yake haielezeki kwa wepesi. Huo ni mchezo wa kumfuga mnyama wa kubuni, ambaye kamera ya simu humwonyesha kana kwamba amesimama sakafuni mwako.

Teknolojia inayomleta mnyama huyo sebuleni huitwa uhalisia ulioongezwa. Uhalisia pepe humfunika mtu macho na kumhamishia ulimwengu mwingine. Huu humwacha palepale alipo, ukamwongezea kitu kisichokuwapo. Kamera hukitazama chumba, nayo programu hutafuta alama zisizobadilika, mathalani pembe ya meza, doa la zulia au ukingo wa mlango. Kwa kulinganisha jinsi alama hizo zinavyosogea simu inapotikiswa, programu hukadiria sakafu iko wapi na iko umbali gani. Kisha mnyama huchorwa juu ya sakafu hiyo kwa kimo kinachostahili. Ukimkaribia huwa mkubwa, ukimzunguka huuona mgongo wake. Mwalimu wa fizikia au wa jiometri angeweza kupata humo somo la juma zima.

Wengi hudhani kwamba uchawi wa mchezo umo katika ufundi huo wa kamera. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni wa zamani. Mnamo Novemba 1996 kampuni ya Bandai ya Japani ilianza kuuza kidude cha plastiki chenye umbo la yai kilichoitwa Tamagotchi. Waliokibuni walikuwa Akihiro Yokoi na Aki Maita. Kilikuwa na vitufe vitatu na kioo cha vitone vyeusi visivyotosha kuchora hata kifaranga wa kueleweka. Kiumbe kilichoanguliwa humo kililia kwa mlio mwembamba kila kilipoona njaa, kilienda haja kikahitaji kusafishwa, kiliugua kikahitaji dawa. Kikipuuzwa mno kilikufa. Hapakuwa na kitufe maalum cha kuusimamisha mchezo hadi kengele ya mapumziko ilie. Si ajabu kwamba shule nyingi za Marekani na kwingineko zilikipiga marufuku, maana wanafunzi walikuwa wakilisha yai katikati ya somo la hesabu. Mwaka 1997 wabunifu hao wawili walitunukiwa Ig Nobel, ile tuzo ya mzaha, katika fani ya uchumi, kwa kuyaelekeza mamilioni ya saa za kazi za binadamu kwenye ufugaji wa wanyama wasiokuwapo. Kufikia mwaka 2017 vidude hivyo vilikuwa vimeuzwa zaidi ya milioni 80.

Basi ikiwa vitone vyeusi viliweza kuyafanya hayo yote, tutasemaje kwamba picha nzuri ndiyo inayonasa? Sherry Turkle, profesa wa chuo cha MIT ambaye kwa miaka mingi amechunguza uhusiano wa watoto na vitu vya namna hii, aliliona jambo ambalo walezi wamelijua tangu jadi: hatuwatunzi tu wale tunaowapenda, bali pia huishia kuwapenda wale tuliowatunza. Utunzaji hutangulia, pendo likafuata nyuma. Kiumbe kikikulilia wewe na si mwingine, ukakilisha, kikanyamaza, umekwisha kufungwa kamba ambayo haionekani. Anayehitajiwa hujiona ana maana. Kwa kijana wa miaka kumi na minne, ambaye kutwa nzima huamriwa afanye hiki na aache kile, kupata kiumbe kinachomtegemea yeye ni heshima kubwa, nasi tusiifanyie kejeli.

Mtoto wa kwetu aliyelivisha gunzi la mahindi kitambaa na kulibeba mgongoni alikuwa na mwana wa kubuni kabla kampuni hizi hazijazaliwa. Lakini gunzi lilinyamaza. Mtoto ndiye aliyeamua mwanawe ana njaa saa ngapi, na alipochoka na mchezo gunzi lilirudi jikoni likawa kuni. Katika Tamagotchi saa ya njaa ilipangwa na mwingine. Hapo ndipo penye badiliko kubwa, nami naliona kuwa zito kuliko ujio wa kamera.

Je, uhalisia ulioongezwa umeongeza nini, basi? Umeongeza mahali. Mnamo Julai 2016 kampuni ya Niantic ya Marekani ilitoa Pokémon GO, na watu wazima wakaonekana mabarabarani wakikimbiza viumbe visivyoonekana kwa macho matupu. Mayai ya mchezo huo hayakuanguliwa kwa kungoja. Ilimpasa mtu atembee kilomita 2, 5 au 10. Mwishoni mwa mwaka 2019 mchezaji aliwezeshwa kumlisha na kumbembeleza mbele ya kamera kiumbe aliyemchagua awe mwandani wake. Kisha Mei 2023 kampuni hiyohiyo ikatoa Peridot, mchezo ambao ufugaji ndio kiini chake. Kila mnyama humo ana sura yake mwenyewe, huanguliwa akiwa mchanga na kukua, hupapaswa kwa kidole, hukimbilia mpira, na hufukua chakula kulingana na kile kamera inachokiona, kama nyasi, mchanga au maji. Mnyama akipita nyuma ya kiti, miguu yake ikafichika, kisha akatokea upande wa pili, moyo huamini kabla akili haijapinga. Ongeza hapo kichwa kikubwa, macho ya mviringo na mashavu yaliyojaa, zile sifa za kitoto ambazo mwanasayansi Konrad Lorenz aliandika mwaka 1943 kwamba huamsha huruma ya ulezi ndani yetu, na mtego umekamilika.

Ama zawadi za kubahatisha, nitazipitia upesi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alikwisha kuonyesha, kwa panya na njiwa wake, kwamba anayelipwa mara moja moja pasipo kujua ni lini hudumu kazini kuliko anayelipwa kila mara. Yai lisilojulikana litatoa nini ni mjukuu wa majaribio hayo.

Linalonishughulisha zaidi ni kifo. Tamagotchi ya kwanza ya Japani ilipokufa, kioo kilionyesha kaburi na mzimu. Walipoipeleka Marekani waliona jambo hilo ni zito mno kwa watoto, wakaweka malaika. Katika Peridot mnyama hafi kamwe. Wapo watakaosema huo ni utu. Mimi nauona upungufu. Kifo cha kile kidude kilikuwa na ukatili wake, walakini kilimwachia mtoto mambo mawili: alijua kwamba uzembe una gharama, na baada ya mazishi alikuwa huru. Mnyama asiyekufa hamfunguli mtu. Hudai kidogokidogo, leo na kesho na mtondo, wala hakuna siku itakayosemwa kwamba kazi imekwisha.

Lakini hata asiyekufa anaweza kuondolewa. Niantic iliwahi kuwa na mchezo mwingine wa uhalisia ulioongezwa, Harry Potter: Wizards Unite, uliozinduliwa mwaka 2019 na kufungwa tarehe 31 Januari 2022. Yote yaliyokuwa yamekusanywa humo kwa jasho la miguu yalikwenda nao. Mwaka 2025 Pokémon GO yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya Scopely, ambayo ni mali ya kampuni moja ya hazina ya uwekezaji ya Saudi Arabia, katika mapatano ya dola bilioni 3.5. Mtu aliyemlisha mwandani wake kwa zaidi ya miaka mitano aliamka na kumkuta ana bwana mpya. Ng'ombe akiuzwa, aliyemlisha hushauriwa japo kwa adabu tu.

Isitoshe, kamera inayomwonyesha mnyama sakafuni huiona na sakafu. Mnamo Novemba 2024 Niantic ilitangaza kwamba inaunda mfumo mkubwa wa akili unde utakaozifahamu sehemu za dunia jinsi zilivyo, ukijengwa kwa picha za maeneo ya hadhara ambazo baadhi ya wachezaji walizipiga kwa hiari. Tuseme kweli: kampuni ilieleza kwamba kutembea tu na kucheza hakuchangii mfumo huo. Hata hivyo, ni wangapi miongoni mwa waliopiga picha hizo walijua kwamba walikuwa wapima ardhi wasiolipwa? Sisi Wakenya hatuwezi kulidharau swali hilo. Mwaka 2023 tuliziona foleni za vijana katika jumba la KICC waliokuwa wakitoa picha za mboni za macho yao kwa Worldcoin ili wapate sarafu za kidijitali, hadi serikali ikausimamisha mradi mwezi Agosti. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Mzazi anayempa mwanawe simu ili atulie ni nadra kukumbuka kwamba anatoa idhini.

Sipendekezi marufuku. Shule zilipiga marufuku mayai ya plastiki, na wajukuu wa mayai hayo sasa wanacheza sebuleni. Ningependelea mchezo wenyewe uletwe darasani kama kitu cha kuchambuliwa, hasa katika shule zenye vyama vya 4-K, vilivyofufuliwa mwaka 2021, ambavyo wanafunzi wake hufuga kuku na sungura. Hao wana kipimo mikononi mwao. Sungura halisi hana kengele wala hatoi nyota kwa aliyemtembelea siku saba mfululizo. Ukimletea majani hula, akageuka akakupa mgongo. Hata hivyo wapo wanafunzi wanaowahi shuleni alfajiri kwa ajili yake. Waulizwe hao kwa nini njaa ya sungura huja tumbo lake linapokuwa tupu, ilhali njaa ya mnyama wa simuni huja pale mwenye mchezo anapohofia kwamba umeanza kumsahau. Nadhani watalijibu swali hilo vizuri kuliko sisi.