Roshani za Mbaraki na Kiu ya Mji

Jua la alasiri lipigapo roshani za Mbaraki kutoka upande wa Kilindini, mimea ya majani mapana iliyozoea kivuli huungua vyunguni. Twalilaumu jua, kumbe aliyekosea ni mchaguzi.

Maji ya chemchemi ya Mzima, yaletwayo Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, hayautoshi mji. Nyumba nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita 20. Katika hali hiyo, mmea udaio maji asubuhi na jioni hushindana na watoto. Afadhali mkomamanga, bogenvilia au mshubiri: hivi hupenda jua na huvumilia kiu, na maji yaliyooshea mchele huvifaa.

Chungu nacho kiwe kikubwa, chenye tundu chini, kwani udongo mwingi hukauka polepole. Lakini pipa la lita 100 lenye udongo uliolowa hupita kilo 100. Basi likae karibu na ukuta, si ukingoni.

Walimu walifanye jambo hili somo: mimea miwili ya aina moja, chungu kikubwa na kidogo, na wanafunzi waandike kipi kimekauka kwanza. Ajuaye kupima maji ya chungu kimoja atajua pia kuuliza maji ya mji yanakwenda wapi.