Irabu Moja, Molekuli Mbili: Utohozi wa Majina ya Haidrokaboni zenye Matawi

Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Bugarama, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, petroli ya pikipiki si kitu kigeni. Kigeni ni majina ya haidrokaboni zilizomo, ambayo hufundishwa kwa Kiingereza baada ya elimu ya msingi iliyotolewa kwa Kiswahili. Je, Kiswahili kinaweza kuyabeba majina hayo bila kuyavuruga? Kinaweza, kwa sharti moja: utohozi wa viishio ufuate maandishi, usifuate matamshi.

Utaratibu wa majina hayo, ulioasisiwa Geneva mwaka 1892, ni sarufi kamili. Mnyororo mrefu zaidi wa kaboni ndio shina. Matawi hupewa nambari kuanzia upande unaotoa nambari ndogo. Kiishio hubainisha aina ya viungo baina ya kaboni. Hivyo 2,2,4-trimethilipentani, iliyopewa thamani ya 100 katika kupima uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati ndani ya injini, ina shina la kaboni 5 na matawi 3 ya methili: mawili katika kaboni ya 2, moja katika kaboni ya 4.

Tatizo limo katika kiishio. Kwa kufuata maandishi, pentani ina viungo vya mkono mmoja tu, penteni ina kiungo cha mikono miwili, na pentini cha mikono mitatu. Afuataye sikio la Kiingereza ataiita pentani "penteni", na penteni ataiita "pentini". Jina moja litabeba molekuli mbili tofauti.

Yaweza kudaiwa kuwa mazoea ndiyo huamua, kwani "haidrojeni" ilifuata sikio na haikudhuru. Hoja hiyo haitoshi. Haidrojeni haina neno la kupambana nalo. Viishio hivi vipo kwa ajili ya kupambanuana.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kuwa istilahi za sayansi zinaweza kusanifishwa. Hata hivyo, hakuna kamusi iwezayo kuorodhesha haidrokaboni zote. Mwanafunzi anahitaji kanuni itakayomwezesha kuunda jina asilowahi kulisikia. Ni wajibu wa BAKITA, wanaisimu na walimu wa kemia kukubaliana juu ya kanuni hiyo kabla vitabu havijaandikwa, maana kosa lililokwisha kuzoeleka darasani ni gumu kulisanifisha.